Tundu la Popo

Sisi wa visiwani popo tumjuaye ni yule mkubwa wa Pemba, asiyepatikana penginepo duniani. Hula matunda, hulala mitini kama pale Kidike, wala hana haja na nyumba ya mtu. Popo wa Ngaka, huku Mbinga nilikohamia, ni mwingine: mdogo, mla wadudu, na maskani yake ni dari.

Kulitafuta tundu lake kwataka subira. Jua likizama hukaa uani nikalitazama paa. Wachomokapo ndipo penye mlango. Asubuhi hupanda ngazi, kitambaa puani, kwani vumbi la kinyesi chao huleta maradhi ya mapafu. Bati likutanapo na ukuta nikaona weusi wa mafuta ya manyoya. Uwazi wa sentimita moja na nusu wawatosha.

Fundi alitaka kuziba siku ileile. Mke wangu alimuunga mkono. Tulikuwa na kichanga, na harufu ilishafika kitandani. Lakini mvua zilikuwa zimeshika, na juu zilisikika sauti nyembamba za watoto. Popo huzaa na kunyonyesha. Kumfungia mama nje ni kuwaua wanawe ndani. Tukahamia chumba cha pili, tukangoja.

Watoto walipoweza kuruka, tuliziba nyufa zote ila moja. Hapo tukatundika wavu, wazi chini: atokaye apite, arudiye asione njia. Dari liliponyamaza, tukaliziba na hilo.

Jioni huwaona wakiwinda juu ya mibuni. Nyumba ni yetu. Anga ni letu sote.