Shimo la Kwanza Shambani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lawahusu watu wa vilima vya Gakara, yapata kilomita 20 kusini-mashariki ya Bujumbura. Lazihusu pia aila ambazo baba yuko kambini na mama ndiye mlinzi wa shamba.

Ardhi ya Gakara ina madini adimu ambayo hutengenezewa sumaku za motokari za umeme na mitambo ya upepo. Wabelgiji walianza kuyachimba mwaka 1948, na kazi ikaendelea hadi 1978. Mwaka 2017 kampuni ya kigeni, Rainbow Rare Earths, ilianza kuyasafirisha tena ng'ambo, baada ya kusafishwa Kabezi, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2021 Serikali ya Burundi iliisimamisha kazi hiyo, ikidai kwamba nchi haipati fungu lake la haki.

Taifa lilidai fungu lake. Je, aila iliyo kilimani idai lipi?

Kwa sheria, madini ni mali ya Serikali. Lakini migomba, chemchemi na makaburi ya wazee vina wenyewe. Shida ni kwamba mila humpa mwanamume ardhi, na mwanamume huyo huenda yuko lindoni mbali. Wapimaji wafikapo, humkuta mkewe na jembe lake. Ajua kila mpaka, lakini jina lake halimo katika karatasi yoyote.

Mfano wa Kwale, pwani ya Kenya, watufunza mengi. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilianza kuupima mchanga wa huko, wenye madini ya titani, katika miaka ya 1990. Uchimbaji wenyewe ulianza mwaka 2013 chini ya kampuni ya Base Titanium, ukakoma 2024. Aila za Wadigo na Wakamba zilihamishwa, zikaacha minazi na mikorosho iliyochukua miaka mingi kuzaa, na madai ya fidia yakadumu muda mrefu. Basi kati ya shimo la majaribio na shimo kubwa ilipita miaka mingi. Hiyo ndiyo miaka ya kuulizana. Mitambo ikishafika, mwenye shamba huwa amechelewa.

Kwa hiyo mume na mke hawana budi kuketi pamoja wakati wa likizo, waandike mipaka, idadi ya miti, maji na makaburi. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 2011, hati ya shamba yaweza kuombwa katika ofisi ya ardhi ya tarafa. Majina yote mawili na yawemo. Naye mpimaji ajapo, aulizwe kwa heshima, kwa Kirundi, mbele ya mkuu wa kilima: ametumwa na nani, atachimba kina gani, na nani atalifukia shimo? Majibu yaandikwe.

Askari hulinda mipaka ya nchi. Mpaka wa shamba lake nao wahitaji mlinzi, na mlinzi huyo apewe karatasi mkononi.