Mama Alisema Hao Sio Wao

Baba yangu alipofariki mwaka 2016 alituachia shamba dogo la migomba na kahawa huko Tengeru, deni la duka la pembejeo, na sanduku la mbao lenye santuri sitini na mbili. Shamba tuligawana bila maneno. Deni tulilipa. Sanduku ndilo lililotaka kututoa roho mimi na kaka yangu.

Msomaji, kama umezaliwa zama za simu, huenda santuri umeiona kama pambo la ukutani tu. Kwetu ilikuwa ibada ya pili ya Jumapili. Baba akirudi kanisani alivua koti, akanawa mikono kama daktari, ndipo akafungua sanduku. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa. Mimi niligusa nikiwa darasa la tatu, nikaonja fimbo ya mbuni.

Mzee aliwapenda sana vijana wa Wanyika. "Hawa walipita hapa hapa kwetu kabla hawajawa watu," alikuwa akijisifu, utadhani aliwapikia chai. Na kweli walipita. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakaanzisha Arusha Jazz mjini hapa mwaka 1970. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi, na huko ikazaliwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga na kuunda Les Wanyika, ndio hao wa "Sina Makosa". Baba alikuwa nayo, ile santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, usiku mmoja umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Amplifaya ya Mzee ikaungua. Gramafoni lenyewe likapona. Mimi, kijana wa mjini niliyepanga chumba Sakina, nikajiona mjanja. Nikanunua sabufa, nikapanda nayo daladala hadi Tengeru, nikachomeka waya za gramafoni kwenye tundu la nyuma na kuweka "Sina Makosa".

Aisee! Sauti ilitoka mbali, nyembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Nikafungulia hadi mwisho. Nikazungusha kitufe cha besi nacho hadi mwisho. Sasa mbu akawa anapigiwa debe. Mama alisikiliza kidogo, akageuka kurudi jikoni.

"Baba," aliniambia, "hao sio wao."

Basi sanduku likaingia chini ya kitanda, likakaa miaka.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Meru ikiwa imejifunika ukungu wiki nzima, kaka akaja na habari. Kuna mtu anakusanya santuri za zamani za Afrika Mashariki awauzie wateja wa Ulaya. Anatoa laki saba kwa sanduku zima. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anadaiwa ada chuoni.

"Hata Mama mwenyewe hazisikilizi," kaka alisema. "Tunamtunzia nani?"

Sikuwa na jibu. Niliomba wiki mbili tu. Sikumwambia sababu, ila wewe nitakuambia. Miaka miwili ya mwisho ya Baba hatukuwa tukizungumza vizuri. Nilikuwa nimeacha kazi ya duka la vifaa vya ujenzi, nikasema nataka kuandika. Alinitazama akauliza, "Uandike nini, wakati hata kusikiliza hujui?" Nikaondoka na maneno hayo. Aliugua, nikachelewa kurudi. Sanduku likiuzwa, neno lake la mwisho kwangu lingebaki hilo.

Nikaagiza kikopo cha plastiki cha elfu thelathini na tano, eti priampu ya fono. Kweli sauti ikaongezeka. Lakini nyuma ya muziki kukawa na mvumo, mmmmm, usioisha. Nikabeba vyote nikaenda kwa fundi mmoja wa redio kule Ngarenaro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una mbu au una nyuki?"

"Nilianza na mbu, sasa nina nyuki."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Kisha akanipa somo ambalo sikuwahi kupewa na mwalimu yeyote.

"Santuri ni mfereji," alisema. "Besi ina mawimbi mapana. Ukiichonga kama ilivyo, mfereji unamegeka kwa jirani na sindano inaruka. Kwa hiyo kiwandani wanaipunguza besi kabla ya kuchonga. Sauti nyembamba wanazipandisha, zishinde mkwaruzo wa sindano. Anayepiga santuri lazima ageuze kila kitu: arudishe kilichopunguzwa, ashushe kilichopandishwa, kwa kipimo kile kile."

Kipimo hicho kiliwekwa na chama cha makampuni ya santuri ya Marekani mwaka 1954, na viwanda vya nchi nyingi vikakifuata. Ukilinganisha na sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, besi ya mitetemo 20 hurudishwa karibu mara kumi, na sauti nyembamba kabisa ya mitetemo 20,000 hushushwa hadi karibu sehemu ya kumi. Amplifaya ya Baba ilikuwa na kazi hiyo tumboni mwake, kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Sabufa yangu haikuwa nayo.

"Na kitufe cha besi?" niliuliza.

"Kile kinaongeza chochote kinachokikuta. Hakijui nini kilipunguzwa."

Halafu kuna udogo wa sauti yenyewe. Katriji ya sumaku hutoa kama milivolti tano tu, lazima zikuzwe karibu mara mia. Ukikuza mara mia, na uchafu unakua mara mia. Umeme wetu wa ukutani una mizunguko 50 kwa sekunde, nao ndio waliokuwa nyuki wangu. Fundi akajenga priampu nyingine mbele ya macho yangu. Alitumia aisii ya NE5532, ya bei ndogo lakini tulivu, na rezista alizozipima moja moja kwa mita. Vyote akavifungia ndani ya boksi la bati, transfoma akaiweka mbali kwenye kiboksi chake, na waya wa athi wa gramafoni akaukaza kwa skrubu kwenye bati. Laki moja na ishirini. Ilikuwa kodi yangu ya chumba.

Jumamosi nikaifunga Tengeru, kaka akiwa amekunja mikono mlangoni. Nikashusha sindano. Kwanza kimya, nyuki hawapo. Kisha gitaa la besi la Tom Malanga likaingia sebuleni kwa miguu yake, zito, la taratibu, na magitaa mengine yakakaa juu yake kama ndege juu ya ng'ombe.

Mama alitoka jikoni, mikono ina utomvu wa ndizi. Akakaa kwenye kiti cha Baba. Hakusema kitu mpaka upande ukaisha.

"Hapo chini ndipo alipokuwa anazungumzia," alisema. "Akifungulia muziki, ananong'ona mambo yake, ninyi msisikie. Madeni. Ada zenu. Siku ile aliyokuchapa, alikaa hapa akasema mkono umemzidi. Na ulipoondoka, alisema, yule ataandika, ila ataumia."

Kaka akakunjua mikono. Mimi nilijifanya nasafisha sindano.

Nisikudanganye kwamba tuliokoa zote. Mama alichagua mwenyewe: ishirini na nane zikaenda kwa mnunuzi, ada ikalipwa nusu, nusu nyingine tukachangishana. Kodi nilichelewa miezi miwili, na maneno ya mwenye nyumba nayasikia hadi leo bila priampu yoyote. Zilizobaki zinapigwa Jumapili.

Ninaandika kuhusu Baba sasa. Mara tatu nilikwishaandika, na mara zote alitoka mkali, fimbo tupu, nami nikadhani dawa ni kuzungusha kitufe, niongeze upendo kidogo hapa, machozi pale. Nilichana zote. Siku hizi kabla ya kushika kalamu naenda Tengeru, namsaidia Mama kumenya ndizi, namuuliza nini kilipunguzwa.