Kutoka Vilima vya Iveti hadi Junju

Ninafundisha bayolojia Machakos, na miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba kila jeni ina mahali pake kwenye kromosomu. Kisha nikasoma kwamba katika damu ya watu wawili wa Kilifi kipande cha jeni kilikuwa kimehama kromosomu kabisa. Likizo ya Agosti ilipoingia nikafunga mkoba. Sikuwa nimewahi kwenda mbele ya Mtito Andei.

Nilipandia treni ya kaunti Athi River. Tulipoingia Tsavo, ndovu walitokea wakiwa wamejipaka udongo hadi masikio, wekundu kabisa! Abiria wenzangu waliendelea kusinzia. Mimi nilibandika uso dirishani hadi Voi. Miritini nilishuka bado nimevaa sweta, maana kwetu mwezi huo asubuhi huivui. Kabla sijafika getini shati lilikuwa limelowa.

Matatu ya Kilifi ilipita Mtwapa, halafu mashamba ya mkonge ya Vipingo yasiyo na mwisho, halafu mibuyu. Kwenye daraja la Kilifi niliona hori chini kabisa, maji ya buluu yamebanwa na kingo za kijani, nikatamani dereva apunguze mwendo. Hakupunguza.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mwenzangu. Usiku mama yake aliingia chumbani, akachomekea chandarua chini ya godoro pande zote nne, mkunjo kwa mkunjo.

"Mwanangu, usikifungue mpaka asubuhi," alisema. "Wewe mtu wa bara, damu yako haijazoea."

Machakos ni nchi ya juu na yenye baridi, na malaria si mgeni wa kila nyumba. Pwani mtoto huumwa na mbu mwenye vimelea tangu akiwa mchanga, na akinusurika hukua na kinga ambayo mimi sina. Mama yule alikuwa amelisema kwa maneno machache jambo ambalo watafiti wamekuwa wakilichunguza hapo Kilifi tangu 1989, kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kilipoanzishwa.

Kesho yake nilipita mbele ya kituo hicho, kilichopakana na hospitali ya kaunti, nikapanda bodaboda hadi Junju, kijiji kimojawapo ambacho wakazi wake wamefuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi. Minazi, mikorosho, mahindi. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?"

Nilipomweleza kilichonileta, alikunjua mkono akanionyesha ndani ya kiwiko. Walimchoma sindano hapo mara nyingi, alisema, na alikubali kwa ajili ya wajukuu.

Nikamsimulia niliyosoma. Seli nyeupe za damu zina vipokezi juu ya ngozi yake. Kimoja huitwa LAIR1, na jeni yake iko kwenye kromosomu 19. Kazi yake ni kuizuia seli isishambulie kupita kiasi, nacho huamka kikishika kolajeni, protini ya mwili wenyewe. Vimelea vya malaria vikijificha ndani ya chembe nyekundu hutandaza juu yake protini ziitwazo RIFIN, za aina nyingi mno, na kingamwili ya kawaida haiwezi kuzitambua zote. Mwaka 2017 watafiti wa Japani walionyesha kwamba baadhi ya RIFIN hukishika kipokezi hicho hicho, yaani vimelea huibonyeza breki ya mwili wetu wenyewe.

Lakini katika damu ya wale wawili, mwili ulikuwa umejibu. Mtafiti Joshua Tan na wenzake, wakishirikiana na maabara ya Antonio Lanzavecchia huko Bellinzona, Uswisi, walitangaza hilo katika jarida la Nature mwaka 2016. Kipande cha LAIR1, asidi amino 98, kilikuwa kimeingia katikati ya jeni ya kingamwili kwenye kromosomu 14. Kule kwetu Masii mkulima hupandikiza kijiti cha mwembe wa kisasa juu ya shina la mwembe wa kienyeji: shina ni lile la zamani, lakini embe utakalokula ni la kijiti. Vivyo hivyo, kipande hiki ndicho kinachokamata. Kimebadilika kidogo kidogo hata hakishiki tena kolajeni, na badala yake kinazing'ang'ania chembe zilizoambukizwa, hata za aina tofauti za vimelea.

Mzee alinyamaza, kisha akauliza, "Na mimi ninacho?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Utafiti mwingine wa 2017 ulikuta kingamwili za namna hii kwa watu 5 hadi 10 katika kila 100 kwenye maeneo yenye malaria, basi huenda anacho. Nilitamani sana aambiwe.

Kingamwili hizo zimewaonyesha wataalamu wa chanjo kwamba RIFIN, pamoja na kubadilika kwake kote, zina sehemu zisizobadilika za kulengwa. Hilo limetoka katika mikono ya wakazi wa Kilifi. Walimu wenzangu wa bara, mkifikia mada ya kinga darasani, wafundisheni watoto kingamwili hizi zenye LAIR1, na muwaambie zilipatikana kwa damu ya nani.