Nilimlaumu Mama Mdogo

Nilimwambia mama yangu mdogo kwamba mwani wake unakufa kwa uvivu wake. Nilimwambia mbele ya wanawake wenzake, pwani ya Jambiani, mimi niliyesomeshwa kwa fedha za mwani huohuo hadi nikaitwa mtaalamu wa mazao ya bahari.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza kwetu Zanzibar, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wanaume wengi waliiona kazi ndogo, wanawake wakaishika. Kila bamvua, maji yakitoka, walikwenda kupigilia vijiti, kukaza kamba na kufunga mbegu moja moja kwa vikamba vya taitai. Kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri, ndiyo iliyomjengea mama mdogo nyumba na kunilipia ada.

Kisha ikaanza kugeuka nyeupe. Tawi hupauka, hulainika, hukatika, kamba ikabaki tupu. Nilikuwa nimesoma kwamba kamba chafu na kuchelewa kuvuna huuzidisha ugonjwa huo, nikashika hilo tu. Joto la maji sikulipima. Kotonii huelemewa maji yakikaa juu ya nyuzi 30, na huku ndani ya mwamba, maji yakiwa ya magotini jua la mchana, hupita hapo. Mmea ukishachoka ndipo vijidudu huupata. Hata kamba ingesuguliwa vipi, bahari isingepoa.

Hakunijibu. Msimu wote ule alisugua kamba zake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: aliniamini. Mbegu zilipokufa tena, akajihesabu mkosa, akaacha kushuka pwani na wenzake kwa haya.

Nilipokuja kuelewa, nilikosea tena. Nilimwendea na dawa mkononi: apande spinosamu, mwani wa aina nyingine unaovumilia joto zaidi. Bei yake ilikuwa kama nusu ya kotonii, na yeye alilijua hilo kabla yangu. Akaniuliza, “Sasa mwanangu, bila kotonii mimi ni nani hapa?” Nikaendelea kumweleza habari za mbegu.

Mwaka 2018 watafiti Ashlee Cunsolo na Neville Ellis waliandika makala kuhusu huzuni ya kupoteza mazingira. Walieleza habari za Wainuit wa Labrador, Kanada, ambao barafu ya bahari inawapungukia, na za wakulima wa ngano wa Australia Magharibi. Humo nikawakuta watu wanaojiuliza watakuwa nani barafu ikiisha. Swali lile nilikwisha kuulizwa nyumbani, kwa Kiswahili, nikalipita.

Na msibani tunajua kukaa! Hakuna anayemwuliza mfiwa kwa nini alichelewa hospitali. Tunatandika mkeka, tunatia ubani, tunasikiliza. Kwa nini yeye nilimnyima haya? Nadhani niliogopa. Kama kosa lilikuwa kwenye kamba zake, basi bahari niliyokulia ilikuwa bado nzima, na mimi sikuwa na msiba wowote. Nilimtwisha lawama ili nisilie.

Hatimaye nilikwenda kwake. “Shikamoo, mama mdogo. Nimekuja kukupa pole.”

“Marahaba. Pole ya nini?”

“Ya kotonii yako. Na unisamehe maneno niliyokwambia.”

Alizungumza mpaka adhuhuri: shamba lilikuwa wapi, mwani ulivyokuwa mzito kuubeba, nani alikuwa akiimba wakati wa kufunga mbegu. Safari hii sikumpa shauri lolote. Alipomaliza akasema amenisamehe, lakini wenzake walisikia nilivyomwaibisha, basi niende nikawaambie na wao.

Nimekwenda, nyumba kwa nyumba. Wengine walinipokea vizuri, mmoja alinigombeza, na nilistahili. Lakini kuna bibi aliyekuwapo siku ile ambaye alifariki kabla sijamfikia. Yeye alikufa akiamini kwamba mama mdogo alikuwa mvivu.