Kutoka Droo ya Spea hadi Kwenye Kerezo

Miaka ya tisini, nilipoanza kuzishika saa za mfukoni za Marekani, spea zilikuwepo na maarifa ndiyo yaliyosumbua kupatikana. Siku hizi mambo yamegeuka. Kijana mwenye simu huitambua mashine ya Elgin kabla hajaketi vizuri, lakini mhimili wa balansi wa kuitia haujui atautoa wapi.

Ufundi niliutoa Mombasa, kwenye saa za mkononi. Nilipohamia Pennsylvania nilipata kazi za jioni kwa fundi mzee karibu na Lancaster, mji wa kiwanda cha Hamilton, kilichoanzishwa 1892. Alikuwa na kabati la droo nyembamba, limejaa bahasha na vichupa: mihimili, springi, vito, skrubu, kila kimoja kimeandikwa kwa wino ni cha saa gani. Vingi vilitoka viwandani kwenyewe. Waltham waliacha kutengeneza saa mwaka 1957, na katika muongo uliofuata Elgin na Hamilton nao wakafunga kazi hiyo Marekani. Kilichotoka kwenye droo zile hakikurudishiwa kingine.

Somo lake la kwanza lilikuwa kutolisoma kasha. Mteja hufungua mfuniko wa nyuma, akanakili namba aliyoikuta humo, akaamini ndiyo namba ya saa. Ile ni ya aliyetengeneza kasha. Zamani mnunuzi wa Marekani alichagua mashine kwa sonara, kisha akachagua kasha lake kando, la fedha au la dhahabu, kutoka kiwanda kingine kabisa. Namba ya kufuata imechongwa kwenye mashine. Hata jina lililo pembeni yake halitoshi: “P.S. Bartlett” la Waltham lilichongwa kwa miongo kadhaa kwenye mashine za ukubwa na modeli mbalimbali, na spea zake haziingiliani. Kwa hiyo tulipima kwa kalipa bamba la upande wa uso wa saa. Saizi 18 ni karibu milimita 44.9, saizi 16 ni 43.2. Tofauti hiyo isiyofika milimita mbili ndiyo iliyoamua tufungue droo ipi.

Za Uswisi zilitaka subira zaidi, maana nyingi hazina jina la aliyetengeneza mashine. Muuzaji aliinunua ikiwa ghafi, akaimalizia na kuandika jina lake usoni. Tuliondoa uso tukatazama vyuma vinavyoihamisha saa kutoka kutiwa ufunguo hadi kurekebishwa mishale. Umbo la wenzo na kibamba kinachoushikilia hutofautiana kiwanda na kiwanda, na katalogi ya Bestfit ilikuwa imeyachora maumbo hayo kurasa kwa kurasa. Nilikesha nikilinganisha chuma na mchoro, na hadi leo sijapata njia bora kuliko hiyo kwa mashine isiyo na jina.

Kisha rekodi za viwanda vya Marekani zikaingizwa kwenye intaneti. Unaandika namba, unapewa modeli, daraja, idadi ya vito na mwaka wa kukadiria. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Ila wakati huohuo bei ya dhahabu ilikuwa imewashawishi watu wengi kuyeyusha makasha, mashine zikabaki uchi, zikauzwa kwa mafungu. Mafungu hayo ndiyo duka letu la spea sasa: tunachinja saa moja ili nyingine itembee.

Kuchinja kwenyewe hakumalizi shida. Balansi za zamani hazina kinga ya mshtuko, na ncha za mhimili wake ni nene kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita hivi. Saa ikianguka sakafuni mara moja, ncha imekatika. Basi ukiifungua ile uliyoinunua uichinje, mara nyingi unakuta imekufa kwa ugonjwa uleule wa mgonjwa wako. Ukibahatika kupata mhimili mzima, upime: Waltham walitoa mihimili ya modeli moja yenye ncha za unene tofauti, na uliozidi kidogo tu hauingii kwenye kito.

Ndiyo maana nikanunua kerezo. Nakereza mhimili kutoka kwenye ufito wa feleji ngumu, napima, nakereza tena, kisha nasugua ncha mpaka zing'ae. Hula siku nzima, na wateja wengine huona ni ghali. Mimi naona ni haki zaidi kuliko kuivunja mashine nzima iliyodumu miaka mia. Elgin walitengeneza saa zipatazo milioni 60, watu wakadhani haziwezi kuisha; kila iliyochinjwa imetoka kwenye hesabu hiyo.

Nikilazimika kuchinja, naandika namba za mashine zote mbili kwenye kikaratasi, iliyotoa na iliyopokea, nakiweka ndani ya mfuniko wa nyuma. Fundi atakayeifungua baada yangu akikuta spea isiyolingana na rekodi, ajue ilitoka wapi.