Fedha, Kauri na Jina la Chombo

Lugha yetu imeviita vitu viwili vya thamani kwa majina ya ajabu. Madini meupe yafuliwayo na sonara huitwa fedha, na fedha ndiyo pesa ya kununulia. Vyombo vya udongo mng'aro vilivyotoka China huitwa kauri, na kauri ni simbi, yale makombe ya baharini yaliyokuwa pesa katika masoko ya Uganda kabla ya sarafu; Waganda hata leo huziita pesa ensimbi. Waitalia nao walipita njia hiyo hiyo, kwani porcellana, jina lao la vyombo hivyo, lilikuwa kwanza jina la simbi. Basi mnadi asimamapo akaita "fedha" au "kauri", amekwisha kutaja bei kabla ya bei yenyewe.

Katika minada ya London, ambako Sotheby's walianza mwaka 1744 na Christie's mwaka 1766, mjuzi hukipindua kijiko kabla ya kukitazama. Atafutacho ni chapa: simba atembeaye humwambia kuwa sehemu 925 katika 1000 ni fedha halisi, kichwa cha chui humtajia mji wa London, na herufi humpa mwaka. Ni elimu nzuri, nasi twaistahi. Ila haisemi nani alikuwa akila kwa kijiko kile.

Hadithi nayo huuzwa. Mwaka 1985 iliopolewa shehena ya Geldermalsen, merikebu ya Waholanzi iliyozama mwaka 1752 ikitoka Canton. Mwaka uliofuata Christie's waliinadi mjini Amsterdam: vipande zaidi ya laki moja, vingi vikiwa vikombe vya chai na sahani za chakula cha kila siku. Twadhani walionunua walilipia bahari kuliko kauri.

Miaka michache iliyopita tulihudhuria mnada mdogo zaidi, mtaani Buyenzi, Bujumbura. Bibi mmoja alikuwa amefariki, na vyombo visivyogawanyika viliuzwa ili warithi wagawane thamani yake. Mnadi, kijana mwenye sauti nzuri, aliinua chombo chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu, kichwani kina matundu.

"Chupa ya fedha!" akaita.

"Si chupa, mwanangu," akasema mama mmoja mzee kutoka barazani. "Ni mrashi."

"Ahsante, bibi," akajibu kwa adabu, kisha akaendelea kunadi chupa. Binti wa marehemu alipandisha bei mara nne, halafu akanyamaza. Mrashi ukawekwa kwenye mizani papo hapo, ukaenda kwa uzito wake.

Neno halikupimwa, nalo ndilo lililobeba habari zote: mrashi ni wa kurashia, kinachorashwa ni marashi ya waridi, na arashiwaye ni mgeni aliyefika arusini au maulidini. Hakuna chapa ya simba isemayo hayo.

Huko Lamu, nyumba za mawe za karne ya 18 zilijengewa zidaka ukutani, safu juu ya safu, na sahani za Kichina zikapangwa humo. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, bakuli za kauri zilipachikwa katika nguzo za makaburi. Nyingi zimebanduliwa au kuvunjwa, yamebaki mashimo ya duara. (Bakuli la kaburini likifika mnadani huwa bakuli tu.)

Darasani tumeanza kuwaagiza wanafunzi waulize nyumbani majina ya vyombo vya kabatini, kila chombo na kazi yake. Wengi hurudi na sahani, kikombe na birika. Msichana mmoja alileta chetezo, mdila, na sahani ya kombe: ile ya kauri nyeupe ambayo aya huandikwa juu yake kwa zafarani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa maji yake. Imepasuka ukingoni, alisema, na mjomba wake amekwisha kuitafutia mnunuzi. Bibi yake ameifungia sandukuni, na ufunguo anao mwenyewe.