Acha Kuzima Hitilafu

Wasee, tuongee ukweli. Kila nikipandisha video ya simuleta, komenti ni ile ile: "Zima hizo hitilafu bana, wewe ruka tu utuonyeshe Fort Jesus kutoka juu." Fort Jesus mtaiona, hakuna noma. Lakini hitilafu sizimi. Leo nawaambia kwa nini, na pia nawaonyesha jinsi ya kusaka shida mita zikianza kusema uongo ukiwa hewani.

Kwa wageni: mimi niko Buxton, hapa kisiwani Mombasa. Chuo nilitoka mwaka wa pili, ada ndiyo iliyoamua. Kompyuta yangu ni ya mtumba na jostiki ni ya mtumba. Simuleta niliyoanza nayo ni FlightGear, ambayo ni ya bure kabisa, kwa hivyo usiniambie ati huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Ndani yake kuna Cessna 172 yenye zile mita za mishale za kizamani, na kwenye menyu unachagua mwenyewe kitu gani kiharibike. X-Plane nayo inakubali hitilafu ije yenyewe, wakati usioujua. Hapo ndipo utamu ulipo.

Sasa sikiza. Mtu mgeni akiona mita moja imekwama, kitu cha kwanza anafanya ni kubofya kila swichi iliyo mbele yake. Mimi njia ya kufikiri niliipata kwa ami yangu, fundi wa injini za boti upande wa Tudor, ambaye hajawahi kushika simuleta maishani. Siku moja nilikuwa naye, kijana mmoja akaja mbio: "Ami, mita ya mafuta imekufa."

Ami hakuinuka hata. Akamuuliza, "Imekufa peke yake au na wenzake?"

"Na ya joto pia. Na taa."

"Basi hizo mita ni nzima. Nenda kaangalie waya unaozilisha."

Hilo swali ndilo somo lote. Kwenye Cessna 172, dashibodi ni familia tatu, na kila familia ina chungu chake inachokula.

Familia ya kwanza inakula hewa ya nje. Hapa kuna mita ya kasi, mita ya kimo na mita ya kupanda na kushuka. Zote tatu zinategemea tundu dogo ubavuni mwa ndege. Ile ya kasi ina cha ziada, bomba la pito lililo chini ya bawa, linalopigwa na upepo wa mbele.

Familia ya pili inakula pampu ya vakyumu inayozungushwa na injini. Humu mna mita ya upeo, ile yenye rangi ya mbingu na ardhi, na mita ya mwelekeo. Pampu ina mita yake ndogo, na kawaida mshale wake unakaa kati ya 4.5 na 5.5.

Familia ya tatu inakula umeme: mita ya kugeuka, mita za mafuta, redio.

Waliougua pamoja walikula chungu kimoja. Mita ya kimo imeganda na ile ya kupanda iko sifuri ilhali unajua unapanda? Tundu la ubavuni limeziba. Hapo mita ya kasi bado itacheza, lakini ni ya uongo: ukipanda inasoma chini ya kasi yako halisi, ukishuka inasoma juu. Dawa yake ni kile kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi kinachofungua njia ya pili ya hewa.

Mita ya kasi peke yake ndiyo imeenda wazimu? Shuku bomba la pito. Likiziba kabisa, hewa ya zamani imefungiwa ndani, na mita inaanza kujifanya mita ya kimo: unavyopanda, ndivyo inavyokuambia unaongeza kasi. Mtu anavuta pua juu apunguze mwendo, mshale unazidi kupanda, anavuta tena. Unaona mtego huo?

Mita ya upeo inalala upande pole pole? Huyu ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu hafi ghafla. Pampu ikikatika, gurudumu lililo ndani linaendelea kuzunguka kwa muda huku linachoka, na picha inainama kidogo kidogo. Ukimfuata, mnaenda naye chini. Muulize wa familia nyingine. Mita ya kugeuka inasema uko sawa, dira pale juu ya kioo haisongi. Mashahidi wawili wa vyungu tofauti wanakataa maneno ya mmoja, basi huyo mmoja mfunike. Mimi nabandika kipande cha risiti ya duka juu ya kioo cha kompyuta, kwa sababu jicho ni mjinga. Litarudi kwa mita nzuri yenye rangi hata kama unajua ni mwongo.

Na kabla ya hayo yote, rusha ndege kwanza. Utafiti wa kitaalamu baadaye. Injini ikiwa mizunguko 2,300 hivi kwa dakika na pua iko pale inapokaa siku zote, Cessna itaenda mwendo wake wa kawaida, mita ya kasi iseme itakavyo. Kugeuka bila mita ya mwelekeo pia ni hesabu ya darasa la nne: ukishika alama ya mgeuko wa kawaida, ndege inageuka digrii 3 kwa sekunde. Unataka digrii 90? Hesabu sekunde 30, nyoosha mabawa, tulia, ndipo usome dira.

Nyingine: hitilafu nyingi unazikamata ukiwa bado kwenye lami. Uwanja wa Moi uko kama futi 200 juu ya bahari. Ukikaa pale na mita ya kimo inakuambia 900, hujaitegesha, usiondoke. Ukijipanga kwenye njia ya 03, mita ya mwelekeo isome karibu na 030. Ikisoma 070, irekebishe kwa dira. Sekunde kumi tu.

Halafu kuna hitilafu ambazo si za ndege. Kwa simuleta ya nyumbani hii ni muhimu mno. Ndege inavuta kushoto bila sababu, na mita zote zinakubaliana kwamba kweli inavuta kushoto? Basi dashibodi inasema kweli, angalia mkono wako. Sisi hapa tunaishi na chumvi ya bahari, inakula vyuma vya jostiki kimya kimya. Fungua, pangusa kwa spiriti, itegeshe upya. Nimeona watu wakifuta programu nzima na kuipakua tena, bando lote likaisha, kumbe shida ni vumbi.

Haya. Kwa nini nakazana hivi? Kwa sababu hizi si hadithi za kwenye menyu.

Mwaka 1996, tarehe 6 Februari, ndege ya Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa imeegeshwa siku nyingi bila kufunikwa mabomba ya pito. Wachunguzi waliona uwezekano mkubwa ni kwamba nyigu walijenga kiota cha udongo ndani ya bomba moja. Nyigu, hawa hawa wanaojenga kwenye dirisha lako. Mita ya kasi ya rubani mkuu ikafanya ule mtego niliowaambia, ikapanda pamoja na ndege. Mita ya rubani msaidizi ilikuwa inasema kweli. Watu 189 walikufa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, ndege ya Aeroperú ilitoka Lima na matundu yake ya hewa yakiwa yamebandikwa utepe uliosahauliwa baada ya kuoshwa. Watu 70.

Hayo ni ya mbali? Njoo nyumbani. Tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Kenya Airways, safari KQ431, iliruka usiku kutoka Abidjan kuelekea Lagos. Sekunde chache tu baada ya kuondoka ardhini, onyo likalia kwamba mabawa yanakaribia kuishiwa hewa ya kuibeba ndege. Onyo lilikuwa la uongo, ndege ilikuwa inapaa sawa. Pua ikashushwa, na mbele yao kulikuwa na bahari, giza, bila taa hata moja ya kuangalia. Kati ya watu 179 waliokuwemo, 10 ndio waliopona.

Na tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari 302, Addis Ababa kuja Nairobi. Kifaa cha kushoto kinachopima pembe ya ndege na upepo kilianza kusoma digrii 74 hivi wakati mwenzake wa kulia alikuwa kwenye 15. Wawili, na mmoja wazi ni mwongo. Ila mfumo uliokuwa unasukuma pua chini ulikuwa unamsikiliza mmoja tu, yule mwongo. Marubani walipambana nao, safari nzima ilikuwa dakika sita hivi. Watu 157, na Wakenya 32 ndio walikuwa wengi kuliko taifa lolote. Chini ya miezi mitano nyuma yake Lion Air ya Indonesia ilikuwa imeanguka kwa mfumo huo huo, watu 189.

Hiyo ya mwisho ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu si rubani aliyesahau kuuliza shahidi wa pili. Ni mashine iliyoundwa isiulize. Ami yangu, na shule yake ya msingi, angeuliza.

Sasa nisiwadanganye. Simuleta ya Buxton haikufanyi rubani, na kuna mwongo mmoja ambaye haiwezi kukuonyesha. Tarehe 5 Mei 2007, KQ507 iliruka kutoka Douala kuja Nairobi, usiku, mvua ya radi. Mita hazikuwa na shida. Ndege ilianza kuinamia kulia pole pole, pole kiasi kwamba mwili hausikii, na hakuna aliyekuwa ameishika wala kuitazama vya kutosha. Watu wote 114 walikufa. Sikio lako la ndani ni mita pia, na kwenye giza linaweza kukuapia kwamba umenyooka wakati unapinduka. Kiti changu cha plastiki hakiinami. Hilo somo linafunzwa kwenye ndege halisi, na mwalimu pembeni, kwa pesa ambazo wengi wetu hatuna.

Kuna kijana wa mtaani huwa anakuja kwangu jioni, yuko fomu tatu, anataka kuwa rubani. Kuna mtu mzima alimwambia mbele yangu, "Huyo anayekufunza mwenyewe chuo kilimshinda." Sikujibu, heshima ni heshima. Lakini kijana alinyamaza vile watoto hunyamaza wakiamua kuacha kitu, na hilo ndilo lilinifanya niandike hii. Kwa sababu kijana huyo wiki iliyopita nilimfungia pampu ya vakyumu bila kumwambia, usiku, juu ya bahari. Alikaa kimya, akaangalia, akasema, "Kaka, huyu wa upeo anadanganya, dira haijasonga." Akaifunika kwa kiganja, akarudisha ndege Moi. Ana miaka kumi na saba. Mtu ambaye anasoma mita moja ya maisha ya mwenzake, ati alimaliza chuo au hakumaliza, kisha anaamua ndege nzima inaanguka, huyo hajui alichokijua yule mtoto.

Na wewe pia. Vyuu zikishuka mwezi mmoja unaanza kusema umekwisha. Alama za mtihani mmoja, laiki za posti moja, salio la M-Pesa la tarehe 28. Uliza swali la ami: imekufa peke yake au na wenzake? Mara nyingine jibu ni baya, nakubali. Mita zote zinasema unashuka, basi unashuka kweli, shika usukani. Lakini uliza kwanza.

Kazi ya wiki hii. Ondoka Moi njia ya 03, uende Malindi. Bahari iwe kulia kwako safari nzima. Ikiwa kushoto, unaelekea Diani, geuka. Utapita mkono wa bahari wa Mtwapa, halafu Kilifi, halafu Mida pale Watamu. Weka pampu ya vakyumu ife wakati wowote, usichague dakika. Usisimamishe simuleta, usianze upya. Mita ikikudanganya, andika kwenye komenti ni ipi ilikudanganya kwanza na ni shahidi gani uliyemuuliza.

Mwenye kuzima hitilafu, tutakujua tu. Utafika mapema mno.